Kabla ya kuandika "mtindio wa ubongo" kwenye faili la mtoto

Mtoto mwenye tatizo la mwendo anapofikishwa kliniki akiwa na faili nene, mara nyingi jibu limekwisha kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza: mtindio wa ubongo. Sina ugomvi na utambuzi huo pale unapostahili. Ubongo unapoumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, kwa kukosa hewa, kwa manjano kali, kwa maambukizi au kwa mtoto kuzaliwa njiti, madhara yake yanajulikana na jina lake ni hilo. Ninachokipinga ni kuliandika jina hilo mahali ambapo hakuna jeraha lolote lililothibitishwa, kwa sababu likishaandikwa hakuna anayeendelea kutafuta. Mtoto hupelekwa kwenye mazoezi ya viungo, hupewa viatu maalumu na dawa ya kulegeza misuli, na miaka inapita. Baadhi ya watoto hao wana ugonjwa wa kurithi unaovuruga mijongeo ya mwili, na miongoni mwao wamo wachache ambao ugonjwa wao una dawa.

Mimi huanza kusita pale historia ya kuzaliwa inapokuwa safi: mimba ilitimiza miezi yake, mtoto alilia mara moja, hakuhitaji oksijeni wala hakupata manjano ya kutisha. Mashaka huongezeka picha ya MRI ya ubongo inaporudi bila kasoro, kwa kuwa katika mtindio wa kweli mara nyingi kovu la jeraha huonekana. Kisha natazama jinsi hali ilivyobadilika kwa muda. Jeraha la zamani la ubongo haliongezeki. Mtoto anaweza kukakamaa zaidi kadiri anavyorefuka, lakini hapaswi kupoteza alichokwisha kujifunza. Aliyekuwa akitembea na sasa anaanguka, au aliyekuwa akitamka sentensi nzima na sasa maneno yanamkwama, ana ugonjwa unaoendelea, na ugonjwa unaoendelea unahitaji jina lingine. Huwauliza wazazi pia kuhusu ndugu wa mtoto, binamu, shangazi aliyetembea kwa shida maisha yake yote, mtoto aliyefariki mapema bila sababu kujulikana, na kama wao wenyewe wana undugu wa damu. Swali hilo la mwisho linahitaji ulimi laini, maana mzazi hulisikia kama lawama.

Kabla ya kutafuta chanzo ni lazima daktari aamue kwanza anachokiona ni nini. Katika distonia, misuli inayopaswa kupokezana hukaza kwa wakati mmoja na kuupinda mguu, mkono au shingo. Hali hiyo huchochewa mtoto anapojaribu kufanya jambo na kwa kawaida hutulia anapolala usingizi mzito. Katika korea, mijongeo midogo ya haraka huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine bila mpangilio, kiasi kwamba mtoto huonekana mtundu asiyeweza kutulia. Katika ataksia nguvu zipo lakini uratibu haupo: mtoto hutembea ametanua miguu na mkono hukikosa kikombe. Mtoto mmoja anaweza kuwa na mijongeo ya aina mbili au tatu kwa pamoja, na mchanganyiko huo wenyewe ni dalili.

Ndiyo maana hupenda kumtazama mtoto kwa muda mrefu kabla ya kumgusa. Humwomba atembee koridoni hadi mwisho, kisha arudi kinyumenyume. Mguu uliokuwa umepindia ndani, kisigino kikiwa juu, mara nyingine hunyooka anaporudi nyuma, na hata anapokimbia; halafu akigeuka na kutembea kawaida, unajipinda tena. Kwa mtu asiyeijua distonia, jambo hilo linafanana kabisa na kuigiza, na wapo watoto walioambiwa kwamba wanaigiza kwa sababu hiyohiyo. Ukweli ni kinyume chake. Distonia hufungamana na tendo maalumu, na mguu unaobadilika kulingana na tendo unatupa sababu ya kutilia shaka kovu la kudumu.

Taarifa muhimu zaidi, hata hivyo, mara nyingi hutoka kwa anayeishi na mtoto. Mama mmoja aliniambia, akiwa ameshakata tamaa ya kusikilizwa: "Daktari, asubuhi anakwenda mwenyewe hadi bafuni. Jioni nambeba." Nilimwomba amrekodi kwa simu nyakati zote mbili, na aliporudi na video hizo sikuhitaji maelezo zaidi. Katika ya kwanza binti yake alikuwa akivuka chumba akitetereka kidogo tu kwenye kifundo cha mguu. Katika ya pili, iliyochukuliwa siku hiyohiyo baada ya jua kuzama, alikuwa akitembea kwa ncha za vidole huku ameshika ukuta.

Hali hiyo ya kuzidi jioni na kupungua baada ya usingizi ndiyo iliyomvutia daktari wa Japani, Masaya Segawa, ambaye pamoja na wenzake aliuelezea ugonjwa huu kuanzia mwaka 1971, na leo watu wengi huuita ugonjwa wa Segawa. Kwa kawaida huanza mguuni mtoto akiwa na umri wa karibu miaka 6, na huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana. Mwaka 1994 ilibainika kwamba chanzo chake ni hitilafu katika jeni iitwayo GCH1, ambayo huongoza hatua ya kwanza ya kutengeneza biopterini, kisaidizi ambacho bila hicho ubongo hauwezi kutengeneza vya kutosha dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Seli zenyewe za ubongo hazijafa. Zimepungukiwa tu na malighafi. Kwa hiyo mtoto akipewa levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, hata kwa kiwango kidogo, anaweza kuanza kutembea vizuri ndani ya siku au majuma machache, na nafuu hiyo hudumu kwa miongo kadhaa bila yale matatizo ya dawa kuisha nguvu na mwili kurukaruka yanayowapata wazee wenye ugonjwa wa Parkinson. Levodopa pamoja na kabidopa ni dawa ya miaka mingi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na haihitaji maabara ya kisasa ili ijaribiwe.

Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni ambayo najua baadhi ya wenzangu huiona ya haraka mno: mtoto yeyote mwenye distonia isiyo na maelezo anastahili kujaribiwa levodopa, kwa kuanza na kiwango kidogo, kupandisha polepole na kuvumilia majuma kadhaa kabla ya kusema imeshindwa. Pingamizi moja ninalikubali. Kama kuna uwezekano wa kupima kemikali za dopamini katika maji ya uti wa mgongo, kipimo kitangulie dawa, kwa sababu levodopa huvuruga majibu. Pingamizi la kwamba tusubiri kwanza majibu ya jeni silikubali, hasa pale majibu hayo yanapochukua miezi.

Hata jibu zuri la levodopa halimalizi kazi. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha tiba cha Baylor, huko Houston, walichapisha habari za mapacha ambao utotoni walikuwa wameambiwa wana mtindio wa ubongo, baadaye wakapata nafuu kubwa kwa levodopa, lakini bado walibaki na matatizo. Kusomwa kwa vinasaba vyao vyote kulionyesha hitilafu katika jeni ya SPR, ambayo huhusika na hatua ya mwisho ya kutengeneza kisaidizi kilekile nilichokitaja. Hitilafu hiyo hupunguza serotonini pia, kemikali nyingine ya ujumbe katika ubongo, si dopamini peke yake, na walipoongezewa kitangulizi cha serotonini hali yao iliboreka zaidi. Kipimo cha jeni hapa hakikuchukua nafasi ya jaribio la dawa, kilikuja kulinyoosha.

Ugonjwa wa pili ambao sitaki kuukosa ni upungufu wa kisafirishi cha glukosi kiitwacho GLUT1, ulioelezwa mwaka 1991 na Darryl De Vivo na wenzake nchini Marekani. Damu ina sukari ya kutosha, lakini mlango wa kuiingiza kwenye ubongo ni mwembamba. Wengi wa watoto hawa huanza na kifafa katika mwaka wa kwanza, kisha hufuata ataksia, distonia na kuchelewa kujifunza. Wengine hawana kifafa kabisa, bali miguu hujipinda baada ya kutembea umbali mrefu. Mzazi akisema kwamba mtoto huwa hoi kabla ya kifungua kinywa na huchangamka baada ya kula, hapo ndipo masikio yangu husimama.

Kipimo chenyewe ni sindano ya uti wa mgongo, na thamani yake yote iko katika jinsi inavyofanywa. Mtoto awe amefunga kwa saa 4 hadi 6. Damu ya kupima sukari ichukuliwe kwanza, kabla ya sindano ya mgongo, kwa sababu maumivu na kilio hupandisha sukari ya damu na kuharibu ulinganisho. Katika mtoto mwenye afya, sukari ya maji ya uti wa mgongo ni kama theluthi mbili ya ile ya damu. Katika ugonjwa huu mara nyingi haifiki nusu, ilhali seli na laktati hazijapanda kama zinavyopanda kwenye homa ya uti wa mgongo. Ikiwa sampuli hiyohiyo itapimwa pia kemikali za dopamini, chupa zijazwe kwa kufuata mpangilio wa namba, ya kwanza hadi ya mwisho, na zigandishwe palepale kando ya kitanda, kwa sababu kemikali hizo huharibika upesi. Nimeona sampuli iliyopatikana kwa machozi ya mtoto na jasho la wauguzi ikikosa maana kwa sababu tu iliachwa mezani ikisubiri mtu wa kuipeleka maabara.

Tiba ni chakula. Lishe ya ketojeniki, yenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, huufanya mwili utengeneze ketoni, ambazo huingia kwenye ubongo kwa mlango mwingine na kuulisha. Kifafa hujibu vizuri zaidi, mijongeo hujibu kwa kiasi, na kuanza mapema kuna faida kuliko kuchelewa. Si lishe ya kuanza nyumbani kwa kusoma mtandaoni: kuna magonjwa mengine ya kurithi ambayo mwili hauwezi kuvunja mafuta, na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa namna hiyo lishe hii inaweza kuua. Daktari anayetibu kifafa cha mtoto huyu anapaswa pia kujua kwamba fenobabitali, mojawapo ya dawa za kifafa, imeonekana kuzuia kisafirishi hichohicho.

Kwa watoto wakubwa zaidi, hasa wanaokaribia balehe, ugonjwa wa Wilson ndio wa kwanza kutafutwa. Samuel Alexander Kinnier Wilson aliuelezea mwaka 1912, na jeni yake, ATP7B, ilipatikana mwaka 1993. Ini hushindwa kuitoa shaba mwilini, shaba hiyo hujikusanya kwenye ini lenyewe, kisha kwenye ubongo na macho. Dalili za mwanzo si za kushtua: mwandiko unaharibika, udenda unamtoka, usemi unakuwa mzito, alama za shule zinashuka, hasira zinaongezeka. Walimu huziita uvivu na wazazi huziita ujana. Macho yakitazamwa kwa taa maalumu ya daktari wa macho, pete ya rangi ya kahawia au kijani pembezoni mwa konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, huonekana kwa walio wengi ambao ugonjwa umeshafika kwenye ubongo. Seruloplazimini, protini inayobeba shaba katika damu, huwa chini, ingawa inaweza kupanda hadi kuonekana ya kawaida mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi, kwa hiyo mkojo wa saa 24 hukusanywa ili kupima shaba. Daktari John Walshe aliyatambulisha mwaka 1956 matumizi ya penisilamini ya kuiondoa shaba, na leo kuna pia trientini na zinki. Familia iambiwe mapema kwamba dalili za neva zinaweza kuzidi katika majuma ya mwanzo ya kuondoa shaba, na kwamba dawa ni za maisha yote. Wapo waliojisikia wamepona, wakaacha, na ini likashindwa.

Yako mengine ambayo nitayapitia kwa haraka. Hitilafu ya jeni ya SLC19A3 humwangusha ghafla mtoto aliyekuwa mzima, mara nyingi baada ya homa, akawa na distonia, kuchanganyikiwa na degedege, na MRI huonyesha madhara ya pande zote mbili katika sehemu za ndani za ubongo. Tiba ni vitamini mbili, bayotini na thiamini, kwa viwango vikubwa, na huanzishwa siku hiyohiyo ya shaka bila kusubiri maabara. Ataksia inayofanana na ile ya Friedreich, ugonjwa wa kurithi wa neva, inaweza kuwa upungufu wa kurithi wa vitamini E, ambao hupimwa kwa damu na kutibiwa kwa vitamini hiyohiyo. Mtoto ambaye kila anaposimama ghafla mwili hujipinda kwa sekunde chache, akiwa na fahamu zake zote, huenda ana hitilafu ya jeni ya PRRT2, na kabamazepini, dawa ya kifafa, kwa kiwango kidogo tu kwa kawaida hukomesha mashambulizi hayo. Katika asiduria ya glutariki ya aina ya kwanza, mtoto huwa na kichwa kikubwa na maendeleo mazuri mpaka homa au kuharisha kumkute, kisha ndani ya siku moja sehemu za ubongo zinazoratibu mijongeo hufa. Huo ndio ugonjwa unaonifanya nitetee upimaji wa watoto wachanga kwa tone la damu ya kisigino, kwa sababu anayejulikana mapema hulindwa kwa lishe yenye lisini kidogo (sehemu ya protini ambayo mwili wake hauwezi kuivunja vizuri), kwa kanitini na kwa matibabu ya dharura kila anapougua.

Baada ya hayo yote ndipo huja jeni. Sipuuzi kipimo hicho; kimeleta majibu kwa familia ambazo zilikuwa zimezunguka kwa miaka. Lakini kina mipaka ambayo wazazi wana haki ya kuelezwa kabla ya kutoa damu. Usomaji wa kawaida wa sehemu za jeni zinazotengeneza protini unaweza kupitwa na magonjwa yanayotokana na herufi za kinasaba kurudiwa mara nyingi kupita kiasi, kama ataksia ya Friedreich, ambayo jeni yake ilipatikana mwaka 1996 na inahitaji kipimo chake maalumu. Majibu yanaweza kuwa "badiliko lisilojulikana maana yake", na jibu hilo halipaswi kugeuzwa kuwa ugonjwa wala kuwa salama. Kupima damu ya baba na mama pamoja na ya mtoto husaidia sana kulitatua. Na kuwa na jeni si lazima kuwa na ugonjwa. Katika distonia ya jeni ya TOR1A, inayotokana na kupotea kwa herufi 3 tu za kinasaba, ni takriban asilimia 30 tu ya wenye hitilafu hiyo wanaougua.

Ugonjwa usio na tiba ya chanzo haumaanishi mtoto hana tiba. Dawa za triheksifenidili na baklofeni, na sindano za botulinamu kwenye misuli iliyokaza hupunguza maumivu na kurahisisha kuvaa, kula na kukaa. Kwa distonia ya TOR1A, nyaya nyembamba zinazopitisha umeme ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo globasi palidasi, zinaweza kumrejesha kwenye miguu yake mtoto aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, na hufaa zaidi zikiwekwa kabla viungo havijaganda na uti wa mgongo haujapinda. Tiba ya jeni nayo imekwisha kutoka maabara: kwa upungufu wa AADC, kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza dopamini, ambao watoto wake hulegea mwili na macho kupanda juu kwa saa nyingi kiasi cha kudhaniwa wana kifafa, jeni nzima hupelekwa moja kwa moja kwenye ubongo kwa upasuaji, na iliidhinishwa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2024. Na kila familia ya mtoto mwenye distonia kali inapaswa kuijua dharura yake: mkazo usiokoma, homa, jasho, kukosa usingizi na mkojo wa rangi ya chai, maana misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Mtoto wa namna hiyo hahitaji miadi, anahitaji hospitali usiku huohuo.

Kuhusu ndugu zake wazima, msimamo wangu hutegemea ugonjwa. Wilson ikithibitishwa kwa mtoto mmoja, kila ndugu yake wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa 1 kwa 4, na wote wapimwe hata kama hawana dalili, kwa kuwa dawa ikianza mapema ugonjwa hauji. Asiduria ya glutariki ni vivyo hivyo, na mtoto anayezaliwa baadaye apimwe mara tu anapozaliwa. Ugonjwa wa Huntington, wa kurithi na unaoharibu ubongo polepole, ni jambo jingine: mtoto mwenye dalili anaweza kupimwa kwa sababu anahitaji jibu, lakini ndugu yake mwenye afya, hata mzazi akisihi, hapimwi mpaka atimize umri wa kuamua mwenyewe, maana hakuna dawa ya kumkinga, na hawezi kurudisha nyuma habari ambayo hakuiomba.

Kwa mzazi anayejiandaa kwa miadi, kitu chenye manufaa zaidi anachoweza kubeba ni video: moja ya asubuhi, moja ya jioni, moja kabla ya chakula na moja wakati wa shambulio, mtoto akionekana kuanzia uso hadi miguu, saa ikiwa imetajwa kwa sauti. Alete pia orodha ya dawa zote ambazo mtoto amewahi kupewa, zikiwemo za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, ambayo yenyewe inaweza kusababisha distonia ya ghafla, na picha halisi za MRI badala ya karatasi ya maelezo peke yake. Na kama faili limeandikwa mtindio wa ubongo, amwombe daktari amweleze jeraha liko wapi na lilitokea lini.